Palizi ya Tangi la Samaki

Vijana wangu, kila mkinipigia simu swali ni lile lile. "Bibi Zuhura, nataka zulia la kijani chini ya tangi, kama lile nililoliona kwenye simu." Nauliza, tangi umeliweka wapi? "Sebuleni." Sebule ina madirisha mangapi? Anazungusha maneno. Mwisho mtu anakiri kwamba dirisha ni moja, lina pazia zito, na nje mkorosho umelifunika. Halafu anataka zulia! Haki ya Mungu, nyinyi watoto mna ujasiri.

Nimestaafu kazi ya kutunza matangi ya samaki wa mapambo, kazi niliyoifanya Dar es Salaam tangu usichana wangu mpaka magoti yalipoanza kunikatalia. Sasa niko kwetu Nachingwea, kwenye nyumba aliyotuachia mama, mimi na dada yangu Somoe. Nitawaambia ninachokijua kuhusu mimea ya zulia kwenye tangi lenye mwanga hafifu. Lakini siwezi kuisema habari hiyo bila kuyataja macho ya dada, maana zulia nililolipigania kuliko yote nililipanda kwa ajili ya macho yake. Na siku alipolitia mkono, mama yangu! Mpaka leo nikisikia maji yanamwagika sebuleni moyo unanilipuka paa. Nitafika huko, msinikimbize.

Aliyenifundisha kazi ni mzee tuliyemwita Fundi Mshamu. Mtu mfupi, mkali, hapendi mtu apige soga karibu na kioo. Kuna mwenye hoteli mmoja alitaka zulia la yale majani madogo ya mviringo yanayotoka nje ya nchi, ukiyaona unatamani kuyalalia. Mshamu alipofika akakunja shati, akazamisha mkono kwenye tangi, akautuliza hapo huku anaangalia mchanga. Akasema, "Sioni kivuli cha mkono wangu. Hapa halikai." Mwenye hoteli akacheka, akasema yeye hakuomba kivuli, ameomba zulia. Basi tukapanda. Mimi ndiye niliyeyachomeka, shina moja moja kwa kibano, mpaka shingo ikakakamaa.

Muda si mrefu nakwenda asubuhi kulisha samaki, nawasha taa, jamani! Zulia zima liko juu. Limeng'oka lote kwa pamoja linaelea kama chapati, na chini limeoza. Nilipiga ukelele mpaka wageni waliokuwa wanakunywa chai wakasimama. Mshamu alipokuja hakunigombeza. Alilishika, akaligeuza, akasema, "Limekufa njaa hili. Mwanga ndio ugali wake, na humu hakuna ugali."

Kwa hiyo kabla hujauliza jina la mmea, zamisha mkono. Fanya hivyo mchana, taa yako ikiwa inawaka, mkono uwe katikati ya maji. Ukiona kivuli cha vidole kimejichora vizuri kwenye mchanga, panda unachotaka na Mungu akubariki. Ukiona doa tu la giza lisilo na vidole, chagua mimea mivumilivu. Usipoona kitu kabisa, nunua mawe mazuri uyapange, usiteswe wala usitese.

Nilipostaafu nilikuja na tangi langu kwenye basi, nimelizungushia magodoro, samaki na mimea iko kwenye mifuko ya maji mapajani, abiria wananiangalia kama nimebeba jeneza. Dada Somoe alitoka nje kunipokea. Akauliza, "Hao samaki ni wa kula?" Nikamwambia wa kuangalia. "Wa kuangalia!" Alishika kiuno. "Na hayo majani?" Nikasema hayo ni zulia lao. Hapo ndipo alipokasirika kweli. "Zuhura, unapanda nyasi ndani ya nyumba? Watu waseme hapa hapaishi wanawake?"

Nyinyi mliokulia huku mnamwelewa. Uwanja wa nyumba zetu unafagiliwa mpaka unakuwa mweupe. Nyasi zikiota karibu na mlango, kwanza ni nyoka, pili ni aibu, na ya aibu ndiyo inayouma zaidi. Na dada yangu si wa uwanja tu. Shamba lake liko Nambambo, ufuta na mbaazi, mikorosho michache pembeni, na palizi yake ilikuwa inasifiwa. Watu walikuwa wanapita njia ya mbali ili wapite kwenye shamba la Somoe. Akishapita na jembe unasema shamba limechanwa kwa kitana.

Sasa sikilizeni. Msimu ule nilioingia, kuna kipande alipalilia, na tulipokwenda kukiangalia nilibaki mdomo wazi. Ufuta ulikuwa umeng'olewa. Wote! Umelazwa kando vizuri, mizizi juu, kama anavyofanya kwa magugu. Na magugu yenyewe yamesimama kwenye mistari yanapepea. Nikamwangalia dada. Akasema mbegu ya mwaka huu ilikuwa mbovu, inafanana na magugu. Nikamwamini. Nani angemsahihisha Somoe kwa habari ya ufuta?

Ukweli niliujua kwa njia ya samaki. Ndoo yangu ilipasuka siku ya kubadilisha maji, nikaazima kwa jirani, Bwana Chilumba, mtu mwema sana. Akanipa ndoo safi, inang'aa. Nikajaza tangi, nikaenda sokoni. Narudi, nakuta samaki wote wako juu, matumbo meupe, hakuna anayetikisika. Ndoo ile ndiyo aliyokuwa anachanganyia dawa ya kupulizia mikorosho. Ameiosha, kweli, lakini dawa ile haisikii sabuni.

Huo ulikuwa mshtuko mmoja. Mwingine ulikuwa mkubwa zaidi. Dada Somoe alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya tangi, mkono shavuni, uso ameuelekeza kwenye kioo kabisa. Aliposikia hatua zangu akasema, "Wadogo zako leo wametulia. Wana adabu, hata hawarukiruki."

Nilikaa chini. Si kwenye kiti, chini, na kikapu changu na nyanya zikibingirika. Nikapunga mkono mbele ya uso wake. Akaendelea kutabasamu kwa samaki waliokufa. Ndipo ufuta ule ulipoingia akilini, na chai aliyokuwa anaimwagia pembeni ya kikombe, na jinsi alivyokuwa anapapasa ukuta akisema anatafuta buibui. Dada yangu alikuwa haoni, na alikuwa ameamua tusijue.

Kwanza nimalizie la dawa, maana wengi wenu mko kwenye mikorosho. Ndoo ya tangi iwe ya tangi, iandike hata kwa rangi, usiazime wala usiazimishe. Msimu wa kupulizia, dawa iko kwenye nguo, kwenye mikono, kwenye majani ya mtaro ulio chini ya shamba. Ukichuma mmea huko, uloweke kwenye maji safi siku nyingi, ukiyabadilisha kila siku, ndipo uukaribishe kwa samaki. Bwana Chilumba alikuja kuomba msamaha hadi nikaona haya mimi.

Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, wataanza na moja. Walimpasua. Daktari akaniita pembeni, akaniambia jicho lilikaa na ukungu muda mrefu mno na ndani limevimba. Kuona kunaweza kurudi vizuri, kunaweza kurudi kidogo, kunaweza kusirudi. Tungoje. Wakati huo asiinamie kitu, asipate vumbi wala moshi, asikae kwenye mwanga mkali. "Na jembe," akasema, "lisiguswe mpaka mimi mwenyewe niseme. Vumbi likiingia hapo, jicho tumelipoteza."

Naingia wodini namkuta dada amefungwa kitambaa juu ya jicho. Kabla sijamsalimu akasema, "Naona."

"Unaona nini, dada? Umefungwa!"

"Naona. Twende nyumbani, ufuta hautanisubiri."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, vijana. Kitambaa kikatolewa, akasema naona. Muuguzi akamwonyesha vidole ahesabu, akakataa. "Mimi nina wajukuu, sihesabishwi vidole." Nyumbani nikimuuliza, dada, unaniona? "Naona." Rangi ya khanga yangu? "Ile ile ya siku zote." Alijigonga kwenye mlango akasema mlango ndio uliosogea. Sasa utamjua vipi mtu wa namna hiyo? Tangu macho yake yalipokuwa yamekufa kabisa alikuwa anasema anaona, na sasa anasema vile vile kwa sauti ile ile.

Na msimu wa palizi ulikuwa unakuja. Usiku mmoja, sala imeisha, akaniuliza taratibu, "Zuhura, mimi nisipolima ni nani?" Kesho yake alipokwenda kuoga nililichukua jembe lake nikapanda kwenye kiti, nikalipandisha juu ya kenchi, zile mbao za paa, nikaliegesha nyuma ya gunia la mbaazi kule kwenye giza la bati. Alipolikosa alinisema kwa Kimwera, maneno ambayo sitayaandika. Nikamwambia limeazimwa.

Basi kazi yangu ikawa moja, kumfanya akae. Kitu pekee kilichomkalisha kilikuwa tangi. Nilikuwa nimeshaweka samaki wengine, na alikuwa anapenda mlio wa pampu ya hewa na ubaridi wa kioo. Nikaliteremsha kwenye meza fupi, likawa usawa wa kifua chake akiwa kwenye kigoda. Lakini taa yangu kubwa ilimtoa machozi. Nikaizima. Nikafunga mapazia, nikabakiza kijitaa cha sola nilichokifunika kitambaa. Nikazamisha mkono, nikaona doa tu la giza, vidole hakuna. Na mimea yangu ya zamani ikaanza: mara majani yanakuwa manjano, mara yanajinyoosha juu kama watu wanaochungulia ukutani. Mmea wa zulia ukiacha kutambaa ukaanza kusimama, unalia njaa ya mwanga. Msiungojee uoze.

Sasa kalamu zenu ziko wapi? Kwenye mwanga kama ule, tafuta mmea wenye kijani kizito, jani gumu, na tabia ya kukua polepole. Mmea wa haraka unakula sana, na humu hakuna chakula. Upo mmea unaoitwa mosi, unaofanana na sufi ya kijani. Huo haupandwi, unaufunga kwa uzi kwenye wavu mdogo wa plastiki, unaulaza chini, unajifumia wenyewe. Ipo anubia fupi, jani lake dogo kama ukucha wa kidole gumba, hiyo unaweza kuisahau gizani na ukirudi inakusalimia. Lakini ule mzizi wake mnene unaolala usiuzike! Ufunge juu ya jiwe. Nimeona watu wazima wakiuzika kama muhogo, halafu wanalaumu maji. Ipo na kriptokorini ya chini. Hiyo ukiihamisha inayeyuka yote, unabaki na uji, unalia, unataka kutupa. Usitupe. Mizizi iko hai, inakuchunguza tabia tu, ikiridhika inachipua.

Ila mmea uliolifunika tangi la dada si mmojawapo wa hiyo. Na namna nilivyoupata, lahaula!

Nilikwenda Ruangwa kutengeneza tangi la nyumba ya wageni, siku hizi kule kila mapokezi wanataka samaki. Nilipomaliza nikachukua bodaboda hadi Chinongwe kumsalimia binamu yetu Hashimu, analima mpunga bondeni. Nikamkuta kwenye jaruba, nikavua viatu, nikaingia kwenye tope nikiwa namsimulia habari za dada. Nikaangalia chini. Nikapiga yowe! Hashimu akaruka na panga juu.

"Nyoka yuko wapi?"

"Si nyoka! Hii! Hashimu, hii hapa!"

Ule mmea wa majani manne, manne yaliyopangwa kama vidole vinavyoomba dua, unaotambaa kwenye tope kwa kamba yake nyembamba. Dar es Salaam tulikuwa tunauletewa kutoka ng'ambo kwenye kikombe kidogo cha plastiki, tunaubeba kwa mikono miwili, na mteja wa kawaida hakuruhusiwa hata kukigusa kile kikombe. Na huku umejaa jaruba zima, na binamu yangu anaukanyaga kwa miguu yote miwili! Nikahisi nimetaniwa maisha yangu yote.

"Hilo gugu?" Hashimu akasema. "Linanitesa tangu nizaliwe. Chukua, chukua lote, na gunia nakupa."

Nikachukua wa kutosha beseni. Nikauloweka, nikauosha, nikatoa konokono. Chini ya tangi niliweka udongo wa kichuguu uliopondwa, juu yake mchanga wa mto uliooshwa hadi maji yakawa meupe. Udongo ule una chakula cha miaka, ila mkiutibua tu maji yanakuwa mekundu, kumbukeni hilo. Kisha nikakata ile kamba vipande vifupi, kila kimoja na jani lake, nikavipanda kwa kuviachanisha. Mwanzo usishtuke. Ukizama, yale majani manne yanakufa na badala yake linatoka jani moja moja la mviringo, fupi, limelala. Ni mmea ule ule, umevua nguo za nje ukavaa za ndani.

Ilinipasa niishie hapo. Fundi Mshamu alikuwa anasema gizani panda aina moja, ukipanda mbili zinanyang'anyana tonge. Lakini mimi nilikuwa na chupa ya nyasi unywele niliyotumiwa na rafiki kutoka Dar kwenye basi, nyasi nyembamba kama nywele za mtoto mchanga, na nilikuwa nazipenda. Nikazichomeka katikati ya yale majani ya mviringo, moja moja. Kwa mwanga ule zikatoka dhaifu, nyembamba zaidi hata ya zilivyokuja. Mimi mwenyewe ili nizione ilibidi nivae miwani na niinamie kioo.

Zulia likatambaa. Dada akawa anakaa mbele yake kuanzia asubuhi, uso karibu na kioo mpaka pua inaacha alama. Namweleza: hapa pameziba, kule kunachipua. Anaguna. Siku moja akauliza, "Na zile nyembamba ni za nini?" Nikamwambia ni urembo. "Mh," akasema. Nilidhani mimi ndiye niliyemwambia kwamba ni nyembamba.

Siku yenyewe nilikuwa nimetoka Ruangwa tena, alasiri. Nimeshuka kwenye gari, nimefika mlangoni, naona maji yanatoka chini ya mlango. Mekundu.

Vijana, sijui niwaambie nini. Nilichokiona kichwani ni damu. Nilidhani ameanguka juu ya kioo. Nilidhani jicho limepasuka. Niliusukuma mlango kwa bega huku naita, "Dada! Dada Somoe!" sauti hata si yangu.

Alikuwa kwenye kigoda chake. Khanga imelowa mpaka begani, mkono unachuruzika. Tangi lilikuwa jekundu tupu kama uji wa ulezi, na samaki wamejibana kwenye kona moja, wazima, wanahema kwa hofu. Si damu, ni udongo wa kichuguu.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimepalilia."

"Umepalilia!"

"Sikuinama," akasema haraka. "Nimekaa. Muulize daktari wako kama alikataza kukaa. Na maji yamechafuka mwishoni tu, mkono uliponiteleza."

"Tangi, dada? Umepalilia tangi?"

"Wewe umekaa mjini mpaka kazi imekutoka. Mboga zako zinakabwa na nyasi, na wewe uko Ruangwa unapiga soga. Mtu akiingia humu atasema nini?"

Hasira zilinipanda, nisiwafiche. Niliyaona majani yangu yote yamekwisha, mikono yangu yote iliyoyachomeka. Nikakumbuka lile shamba la ufuta. Nikasema moyoni, amerudia. Amepapasa, ameng'oa zulia, haoni, na hataona tena. Hapo hasira ikaisha yenyewe, nikabaki na uchungu mtupu. Jicho lilikuwa limekwenda, na mimi nilikuwa nimetumia miezi kumkalisha mbele ya kioo asichokiona.

Juu ya kizingiti cha dirisha, nyuma ya pazia, alikuwa ameyapanga aliyoyang'oa. Kwa mstari. Yamelazwa upande mmoja, mizizi juu ili yasishike tena, kama anavyofanya Nambambo. Nikaenda kuyaokoa yatakayookoka. Nikavaa miwani.

Ilikuwa nyasi unywele. Nikachambua kwa kidole, mstari wote, mwanzo mpaka mwisho. Nywele tupu. Nikarudia tena kuanzia mwisho. Jani la mviringo halikuwemo. Hata moja. Hata kipande.

Nikageuka nikamwangalia. Anakamua khanga.

Nikachuchumaa mbele ya tangi nikangoja lile vumbi la maji lituame. Kwanza ukatokeza uso wa jiwe, halafu mchanga, halafu, Mungu wangu, majani ya mviringo, yamelala kila moja mahali pake, hakuna lililovunjika, na katikati yake mchanga umebaki mweupe kabisa. Katika chumba chenye mapazia yaliyofungwa. Unywele mmoja mmoja, uliokuwa unanishinda mimi na miwani yangu, dada yangu ameufuata katikati ya majani akautoa na akaliacha jani. Aliyeng'oa ufuta akaacha magugu!

"Dada," nikasema, na machozi yananishuka mpaka kidevuni, "umeyaonaje?"

"Kwa macho."

"Unaona?"

"Naona."

"Mbona hukuniambia?"

Alinishangaa kweli. "Nilikuambia. Kila siku nilikuambia. Hukuniamini."

Nililia kwa sauti, sioni haya kuwaambia, nikamkumbatia na khanga yake ya maji, naye ananisukuma anasema nitamtia tope jichoni, daktari alikataza. Bwana Chilumba alikuja mbio akidhani kuna msiba. Akakuta wanawake wawili wazima wamelowa, wanacheka na kulia mbele ya samaki.

Alipoondoka dada akakaa vizuri kwenye kigoda, akapangusa mikono.

"Sasa nipe jembe langu."

"Dada, nilikuambia limeazimwa..."

"Liko juu ya kenchi, nyuma ya gunia la mbaazi. Mpini nauona tangu Ijumaa."

Nikainua macho. Kwenye giza lile la bati, kwa mbali, kipande cha mpini kilikuwa kimetokeza. Mimi niliyekiweka sikuwa nimewahi kukiona kutoka chini.

"Na hukulichukua?"

"Nilikuwa nangoja unipe mwenyewe."

Nikapanda kwenye kiti, nikalishusha. Hakutoka nalo nje. Aliliegemeza kwenye meza ya tangi, akapitisha kidole kwenye makali yake, akasema litakaa hapo mpaka daktari aseme. Ila ufuta wa mwaka huu asione mtu mwingine anaupalilia.